Ini Bovu Usimtupie Mbwa

Wafugaji wengi wa Kenya wameliona jambo hili kwa macho yao. Mbuzi au kondoo amechinjwa, tumbo limepasuliwa, na ini linapotolewa linaonekana lina vifuko vyeupe vilivyojaa maji maangavu. Pengine ni kifuko kimoja tu, kadiri ya harage. Pengine ni vingi, na kimojawapo ni kikubwa kuliko yai la kuku. Mapafu nayo huenda yakawa vivyo hivyo. Basi mwenye kisu hutikisa kichwa na kusema, "Hili halifai kuliwa na watu." Kisha hulikata lile ini na kulitupa nyuma yake bila hata kugeuka, na mbwa anayengoja hapo hulidaka kabla halijafika chini.

Mtu huyo anadhani ametenda mema mawili kwa mara moja. Amewaepusha watu wake na chakula kibaya, tena amemlisha mlinzi wa boma lake bila gharama. Lakini kweli ni kinyume chake. Kwa tendo hilo moja amepanda ugonjwa nyumbani kwake, na watakaouvuna ni yeye, mke wake na watoto wake. Maoni yangu ni haya: lawama ya ugonjwa huu si ya mbwa. Ni ya mkono wa binadamu unaomlisha mbwa. Na kwa kuwa ni mkono wetu unaouleta, mkono huo huo waweza kuuzuia.

SAFARI YA MNYOO

Madaktari huuita ugonjwa huu haidatidi. Mimi nitauita ugonjwa wa vifuko vya maji, maana hivyo ndivyo unavyoonekana. Chanzo chake ni mnyoo wa jamii ya tegu, lakini ni tegu mdogo sana. Tegu tuliozoea kuwaona ni warefu kama utepe. Huyu urefu wake ni milimita 3 hadi 7 tu, yaani hapiti punje ya mchele. Anakaa ndani ya matumbo ya mbwa, na mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu yao. Jambo la kuangalia sana ni kwamba mbwa mwenyewe haonyeshi dalili ya ugonjwa. Anakula, anabweka, anafuata ng'ombe malishoni, na manyoya yake yanang'aa. Kwa hiyo mtu asiseme, "Mbwa wangu ni mzima, tazama alivyonenepa."

Mnyoo huyo hutaga mayai, na mayai hutoka pamoja na mavi ya mbwa. Ni madogo mno, hayaonekani kwa macho. Huanguka majanini, uwanjani na kando ya kisima. Tena hushika katika manyoya ya mbwa, na katika ulimi wake pale anapojiramba. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia akila majani hayo au kunywa maji hayo, huyameza. Ndani ya mwili wake yai huanguliwa, mdudu hupenya utumbo na kuingia katika damu, naye hufika katika ini au mapafu. Hapo hawi mnyoo. Hujijengea kifuko cha maji, na ndani ya maji hayo huzaliwa vichwa vingi vidogo vya tegu, kila kimoja kikingoja nafasi ya kuwa mnyoo kamili.

Nafasi hiyo hupatikana ndani ya mbwa, au ndani ya jamaa zake wa porini kama mbweha. Mbwa akila ini lile bichi, vichwa vile hujishikiza katika utumbo wake, na baada ya wiki 6 au 7 hivi vinakuwa minyoo kamili yenye kutaga mayai. Safari imekamilika, na yaanza upya.

Sasa, ndugu msomaji, angalia sana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kula ini lenye vifuko. Sisemi mtu ale ini kama hilo, maana si chakula kizuri na mkaguzi hulikataa kwa haki. Nasema kwamba mtu hupata ugonjwa kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Mtoto anamkumbatia mbwa, kisha anatia mkono kinywani. Mama anakamua maziwa baada ya kumfukuza mbwa kwa mkono, naye hakunawa. Sufuria limerambwa na mbwa usiku, na asubuhi linapanguswa tu. Kwa hiyo ini lile, lilipokuwa bado katika sinia, halikuwa na nguvu ya kumpa mtoto wako ugonjwa huu. Nguvu hiyo lilipewa siku lilipotupiwa mbwa.

NILIYOYAONA KAZINI

Nilifanya kazi ya ukaguzi wa nyama miaka mingi kabla ya kustaafu, na yafaa nieleze kosa langu mwenyewe kabla ya kuwafundisha wengine.

Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja jina, kulikuwa na kichinjio kidogo kando ya soko. Kilikuwa na sakafu ya saruji, paa la mabati, kulabu za kutundikia nyama, na shimo la kutupia vitu visivyofaa. Kila asubuhi nilikagua maini na mapafu ya wanyama wote. Lenye vifuko nililikataa, nikaliandika kitabuni, nikalitupa shimoni. Kitabu changu kilikuwa safi, na wakubwa wangu walikisifu.

Lakini shimo lile halikuwa na kifuniko. Kifuniko kiliombwa, barua ikaandikwa, na mwaka ukapita. Ukingo mmoja ulikuwa umebomoka kwa mvua, na mbwa wa soko walikuwa wamejifanyia njia ya kushukia. Jioni nilipokwenda nyumbani niliwaona wakipanda kutoka humo wakiramba midomo. Niliwatupia mawe, nikaenda zangu. Sikufikiri kwamba mimi ndiye niliyewaandikia meza. Nyama safi niliwapa watu, na kila kipande chenye mnyoo nilikikusanya mahali pamoja kwa ajili ya mbwa!

Mkubwa wa wachinjaji wetu alikuwa mzee mpole, hodari wa kisu. Alikuwa na binti wa miaka kama 12 hivi, ambaye alimletea baba yake chai kila asubuhi ya sikukuu za shule, na mbwa wawili wa nyumbani humfuata. Mwaka mmoja binti huyo alianza kulalamika maumivu upande wa kulia, chini ya mbavu. Wazazi walidhani ni malaria. Halafu walidhani ni minyoo ya kawaida. Halafu walimpeleka kwa mganga, akamchanja. Tumbo likazidi kuvimba. Mwisho alipelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha, na ndani ya ini lake kukaonekana kifuko kikubwa kupita chungwa. Alipasuliwa. Namshukuru Mungu alipona, lakini alikosa shule karibu mwaka mzima, na baba yake aliuza ng'ombe watatu kwa nauli na gharama.

Mzee aliporudi kazini alinikuta nimeshika ini la kondoo lenye vifuko. Akaliangalia sana. Akasema, "Daktari, hiki ndicho kitu walichomtoa mwanangu?"

Nikajibu, "Ndicho, Mzee."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na wewe umekiona kila siku miaka yote hii. Kwa nini hukutuambia?"

Sikuwa na jibu. Wakubwa nilikuwa nimewaandikia, lakini watu waliosimama nami kila asubuhi, wenye mbwa na watoto, sikuwaambia neno. Siwezi kusema ni mbwa yupi aliyemwambukiza binti yule, wala ni lini, maana kifuko hukua polepole sana na huenda miaka mingi ikapita kabla hakijaonekana. Lakini tangu siku ile sikusema tena kwamba kazi ya mkaguzi imekwisha nyama ikipigwa muhuri. Wiki ile ile tulichimba shimo jingine sisi wenyewe, tukalifunika kwa magogo na mabati makuukuu, tukaweka jiwe juu. Kazi ilichukua siku mbili. Tungaliweza kuifanya miaka mingi nyuma.

DALILI NA MATIBABU

Ugonjwa huu huingia kimya. Katika watu wengi kifuko hukaa katika ini. Katika wengine hukaa katika mapafu, na mara chache hukaa ubongoni au ndani ya mifupa. Mtu aweza kukaa miaka 5, 10 au zaidi bila kujua. Kifuko kikiwa kikubwa ndipo huja maumivu, tumbo kuvimba, au macho kuwa ya manjano; na kikiwa kifuani, huja kikohozi na kupumua kwa taabu. Hatari kubwa ni kifuko kupasuka ndani ya mwili. Maji yake yaweza kumfanya mtu kuwashwa mwili mzima, kuishiwa nguvu ghafula, hata kufa. Tena vichwa vile vidogo vyaweza kutawanyika tumboni na kuanzisha vifuko vipya.

Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe wa namna hiyo asikandwe tumbo, asichanjwe, wala asitobolewe na mtu asiye daktari. Aende hospitali. Huko wanazo njia kadha wa kadha: kupasua, kunyonya maji ya kifuko kwa sindano kwa uangalifu mkubwa, au kumpa mgonjwa vidonge vya albendazoli kwa muda wa miezi. Daktari ndiye ataamua njia ifaayo, kwa kuwa vifuko havifanani.

Matibabu hayo ni mazuri, lakini angalia hesabu yake. Mgonjwa mmoja ni safari, kitanda cha hospitali, daktari mpasuaji, miezi ya dawa, na ng'ombe wa kuuzwa. Ini moja lililochomwa motoni ni kazi ya dakika chache.

MAFUNZO YA TURKANA

Hakuna sehemu ya Kenya iliyoumizwa na ugonjwa huu kama Turkana, hasa upande wa kaskazini-magharibi, pande za Lokichoggio. Sehemu hiyo ilijulikana kuwa miongoni mwa zile zenye ugonjwa huu mwingi kupita zote duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza huko kazi ya kupambana nao. Mashine za kupiga picha ya tumbo, zile ambazo mama waja wazito huzijua hospitalini, zilichukuliwa mpaka mabomani, na watu wakapimwa huko huko waliko. Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba katika kila watu 100 waliopimwa upande huo, 5 au 6 walikuwa na vifuko. Mbwa wakapewa dawa, na watu wakafundishwa. Vipimo vilivyofanywa kati ya mwaka 2010 na 2012 vilionyesha kiasi cha watu 2 katika kila 100. Hayo ni maendeleo makubwa, na waliofanya kazi hiyo katika jua lile wastahili shukrani. Lakini watu 2 katika 100 si jambo dogo. Katika mji wenye watu elfu tano, ni wagonjwa 100.

Kwa nini Turkana? Wengine hujibu haraka kwamba ni uchafu. Jibu hilo si la haki. Watu wa huko ni wafugaji wanaohama, na mbwa ndiye mlinzi wa watoto na wa mifugo. Maji ni haba mno. Mama mwenye mtoto mchanga alimwachia mbwa amrambe mtoto na kumsafisha, kwa sababu ndoo ya maji ilikuwa safari ndefu chini ya jua kali, na maji hayo yalikuwa ya kunywa. Ndiyo sababu wanawake walionekana kuwa na ugonjwa kuliko wanaume: wao ndio wanaokaa na mbwa nyumbani, pamoja na watoto. Mwenye kutaka kuwafundisha watu hao lazima kwanza ajue shida yao. Ukimwambia mama anawe mikono, mwonyeshe pia maji yatatoka wapi.

Funzo jingine ni hili. Mbwa akipewa dawa leo, minyoo yake hufa. Lakini kesho akilishwa ini lenye vifuko, baada ya wiki 6 au 7 yuko pale pale alipokuwa. Gari la dawa huja na kuondoka, bali kisu kinabaki nyumbani siku zote. Kama mwenye kisu hajabadilika, dawa ni kama maji katika pakacha.

MFANO WA NCHI YA MBALI

Msomaji aweza kuuliza, "Je, iko nchi iliyoushinda ugonjwa huu?" Ziko. Moja ni Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya, ambacho watu wake walikuwa wafugaji wa kondoo kama wengi wetu. Katika karne ya 19 ugonjwa huu uliwatesa sana. Mwaka 1863 mtaalamu mmoja kutoka Denmark, Harald Krabbe, alikwenda huko akawapasua mbwa na kuwachungua, naye akaona kwamba zaidi ya robo yao walikuwa na mnyoo huu. Mwaka uliofuata kijitabu kiliandikwa kwa lugha ya wenyeji na kugawanywa majumbani. Kilisema mambo mepesi: choma au zika viungo vyenye vifuko, usimpe mbwa, na jihadhari na mbwa katika vyombo na chakula. Mwaka 1869 ikatoka sheria juu ya mbwa.

Fikirini, ndugu zangu. Wakati ule hakukuwa na dawa nzuri ya kumwua mnyoo huyu, wala mashine za kupiga picha. Kulikuwa na karatasi kama hii unayoisoma, na watu waliosoma wakatenda. Ugonjwa ukapungua mwaka hata mwaka, na leo Iceland haina tena ugonjwa huu.

New Zealand nayo, nchi yenye kondoo wengi sana, iliweka sheria yake mwaka 1959 na kuanza kuwapa dawa mbwa wote. Mwaka 2002 ilitangaza kwamba imekwisha kuushinda. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 40. Si kazi ya siku moja, lakini yawezekana.

WANAOSEMA, "WAUENI MBWA"

Kila ugonjwa huu unapozungumzwa barazani, hutokea mtu akasema dawa ni kuwaua mbwa wote. Mimi nakataa. Kwanza, mfugaji anamhitaji mbwa. Bila yeye, fisi na chui watalipisha boma hasara kubwa kuliko hii tunayoilalamikia. Pili, watu wakisikia mbwa wanauawa huwaficha, na mbwa aliyefichwa hapati dawa wala chanjo. Tatu, mbwa wakipungua huku mizoga na matumbo yakiendelea kutupwa, wengine watakuja kuvila. Chakula cha bure hakikosi mlaji.

Bali nakubali kwamba mbwa wasio na mwenyewe ni hatari, na kwamba boma la watu wanane halihitaji mbwa saba. Fuga mbwa unaoweza kuwalisha na kuwatibu. Mbwa wawili walioshiba wanalinda vizuri kuliko saba wanaozurura kutafuta mizoga.

KAZI YA SERIKALI ZA KAUNTI

Hapa nataka kusema na wale wanaotuongoza. Katiba ya mwaka 2010 iliziweka mikononi mwa kaunti kazi tatu: vichinjio vya kaunti, huduma za daktari wa mifugo, na leseni za mbwa. Hospitali za kaunti nazo ziko chini yao. Yaani mlango mnyoo anaopitia, mbwa anayemchukua, na kitanda anacholazwa mgonjwa, vyote viko katika mkono mmoja. Hakuna tena nafasi ya mtu kusema kwamba hilo ni jambo la idara nyingine.

Basi nashauri mambo mawili. La kwanza, kichinjio chochote kisifunguliwe, hata kile cha sokoni chenye kulabu mbili tu, kama hakina ua wa kuzuia mbwa na shimo lenye kifuniko na kufuli. Mchinjaji hulipa ada kwa kila mnyama. Sehemu ya kwanza ya ada hiyo ijenge shimo, kabla haijafanya kazi nyingine yoyote. Watu wakiona fedha yao imejenga shimo, watalilinda.

La pili, Kenya ina mpango wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa watu, wa mwaka 2014 hadi 2030, na katika mpango huo mbwa huchanjwa. Siku hiyo mbwa wote wa kijiji wameletwa, wamefungwa kamba, na wenyewe wapo. Kwa nini mbwa arudi nyumbani na chanjo peke yake? Apewe na kidonge cha tegu, na mwenyewe apewe maneno machache juu ya ini. Najua kidonge cha mara moja kwa mwaka hakitoshi. Lakini maneno yaliyosemwa vizuri siku hiyo yaweza kudumu mwaka mzima.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Lakini tusiingoje kaunti. Wanyama wengi hawachinjwi kichinjioni. Huchinjwa nyumbani, katika harusi, matanga, Krismasi na Idi, ambako hakuna mkaguzi. Tena mara nyingi anayechinjwa nyumbani ni kondoo mzee, na wanyama wazee ndio wenye vifuko zaidi. Siku hiyo mbwa wa majirani wote huja bila kualikwa. Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Kabla kisu hakijanolewa, chagua mtu mmoja wa kulinda matumbo. Kijana mwenye fimbo anatosha. Kazi yake ni kwamba hakuna mbwa atakayepata kipande kibichi, hata kidogo.

2. Ini, pafu, au kiungo kingine chenye kifuko, usikipasue kwa mchezo. Kikate, ukichome motoni mpaka kiwe majivu. Mahali pasipo na kuni nyingi, tumia moto ule ule unaochomea nyama. Kama hakuna moto, kizike katika shimo refu, ujaze mawe juu na kuweka miiba, maana mbwa na fisi hufukua.

3. Ukitaka kumpa mbwa matumbo na maini yanayoonekana kuwa mazuri, yachemshe kwanza kwa muda wa dakika 40. Kifuko kidogo kilicho ndani ya nyama hakionekani kwa macho, lakini maji yanayochemka yatamwua mdudu aliyemo.

4. Mnyama aliyekufa malishoni usimwachie mbwa. Mzike au mchome.

5. Mpe mbwa dawa ya tegu. Si kila dawa ya minyoo inamwua tegu huyu. Uliza yenye prazikwanteli, na mwulize daktari wa mifugo kipimo, maana kinafuata uzito wa mbwa. Mahali palipo na ugonjwa mwingi hutolewa kila baada ya wiki 6. Ukisha kumpa, mfunge siku mbili, na mavi yake uyachome au uyazike sana, kwa sababu dawa humwua mnyoo lakini haiyaui mayai.

6. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa, na kabla ya kula au kukamua. Mbwa awe na chombo chake. Asirambe vyombo vya watu wala nyuso za watoto. Mboga za majani zioshwe vizuri, na kisima kizungushiwe ua.

Mtu mmoja aliwahi kuniuliza, "Nikifanya haya yote na jirani yangu asifanye, nitapata faida gani?" Ni swali la haki, maana mbwa hajui mpaka wa shamba. Mbwa wa jirani hunya katika malisho yangu, na kondoo wangu hula humo. Ndiyo maana nasema jambo hili lipelekwe barazani, lizungumzwe na wazee, chifu awepo, na kijiji kizima kiweke sharti moja: hakuna ini bichi kwa mbwa. Sharti hilo halihitaji fedha wala askari. Linahitaji aibu kidogo. Siku ambayo mtu atakayemtupia mbwa ini lenye vifuko ataangaliwa na wenziwe kama mtu aliyekojoa kisimani, siku hiyo ugonjwa huu umeanza kuondoka Kenya.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kifuko kile kidogo kama harage, unachokitupa leo bila kugeuka, chaweza kurudi baada ya miaka kumi ndani ya tumbo la mtoto wako. Mzee wa kichinjio aliniuliza kwa nini sikumwambia. Ninyi wasomaji nimekwisha waambia. Sasa kila mmoja wenu amwambie mwenye kisu wa nyumbani kwake, kabla ya kuchinjwa mnyama mwingine.